Kushirikishwa si Kushirikiana: Bahari ya Wahaida na Bahari Yetu

Katika Kiswahili, mnyambuliko wa kitenzi si pambo. Kutokana na 'shiriki' tunapata 'shirikisha', yaani kauli ya kusababisha, na 'shirikiana', yaani kauli ya kutendana. Mwanafunzi wa sekondari hutaja kauli hizo mbili bila kusita. Lakini wasikilize wakubwa wetu wanapozungumza juu ya bahari, misitu au madini. Neno walipendalo ni 'ushirikishwaji', ambamo kusababisha kumeungana na kutendwa. Maana yake ni kwamba yupo mmoja mwenye jambo lake, na wapo wengine ambao huingizwa humo akipenda. Wasipoingizwa, jambo lenyewe huendelea vivyo hivyo. Katika kutendana hapana mwenye jambo peke yake. Kila upande hutenda na kila upande hutendwa.

Nimelitanguliza suala hili la sarufi kwa sababu ipo jamii moja, mbali sana na pwani yetu, ambayo kwa zaidi ya miaka arobaini imekuwa ikipigania kuihama kauli ya kwanza na kuingia ya pili. Nao ni Wahaida wa visiwa vya Haida Gwaii, karibu na pwani ya magharibi ya Kanada. Mwaka 1787 nahodha Mwingereza, George Dixon, alivipa visiwa hivyo jina la merikebu yake, Queen Charlotte, na jina hilo likadumu katika ramani kwa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1862 ndui iliingia katika pwani hiyo na kuangamiza vijiji vizima, hata watu waliokuwa maelfu wakabaki mia chache tu. Lugha yao, ambayo wanaisimu wengi huihesabu kuwa haina ndugu anayejulikana duniani, leo ina wazawa wachache mno waliokua wakiizungumza. Jina la Haida Gwaii, yaani visiwa vya watu, lilirejeshwa rasmi mwaka 2010.

Chanzo cha mapambano ya karibuni kilikuwa ni magogo. Mwaka 1985 Wahaida walisimama barabarani katika kisiwa cha Athlii Gwaii kuzuia ukataji wa miti ya kale, na watu 72 wakakamatwa, wazee wakiwa miongoni mwao. Pengine msomaji atauliza miti inahusianaje na bahari. Kwa Wahaida hilo si swali. Mlima ukinyolewa udongo hushuka mitoni, na mito ndimo samoni apandamo kutoka baharini ili atage mayai. Sisi tuliozoea kuugawa ulimwengu kwa wizara, hii ya misitu na ile ya uvuvi, ndio tunaohitaji kufafanuliwa.

Matokeo ya mgogoro huo yalikuwa ni mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1993 kuhusu sehemu ya kusini ya visiwa hivyo, iitwayo Gwaii Haanas. Mimi ni mwalimu wa lugha, si wakili, lakini nakiri kuwa ni nadra kukutana na hati ya serikali inayostahili kusomwa darasani kama hii. Mwanzoni mwake ukurasa umegawanywa safu mbili. Katika safu moja Wahaida wanatamka kwamba visiwa hivyo ni nchi yao, vipo chini ya mamlaka ya taifa lao na ya baraza lao. Katika safu ya pili serikali ya Kanada inatamka kwamba visiwa hivyohivyo ni ardhi ya dola, chini ya Malkia na bunge. Safu hizo zinapingana waziwazi na hapana aliyejaribu kuzipatanisha. Kisha hati inaendelea kusema kwamba, licha ya tofauti hiyo, pande zote mbili zinakubaliana mahali hapo palindwe, na zitapalinda pamoja.

Tumezoea kudhani kwamba makubaliano huanza pale hitilafu zinapokwisha, na kwamba mkataba mzuri ni ule ulioandikwa kwa sauti moja. Aghalabu sauti hiyo moja huwa ni ya mwenye nguvu. Wahaida hawakutakiwa kukana kauli yao ndipo wapewe kiti mezani, waliketi nayo. Bodi iliyoundwa ina wajumbe sawa kwa sawa: leo ni watatu kutoka kwa Wahaida na watatu kutoka kwa serikali. Wanaamua kwa mwafaka, si kwa kura. Kura ya watatu kwa watatu haina mshindi, kwa hiyo hapana budi wazungumze.

Mwaka 2010 eneo la bahari linaloizunguka Gwaii Haanas, karibu kilomita mraba 3,400, liliingizwa katika hifadhi, na hivyo ulinzi ukaenea kutoka vilele vya milima hadi sakafu ya bahari. Mpango wa mwaka 2018 ulikuja kutenga takribani asilimia 40 ya bahari hiyo isivuliwe kibiashara wala kwa burudani. Jina la mpango huo ni la Kihaida, nalo lina maana ya kuzungumza juu ya kila kitu. Misingi yake imetajwa kwa Kihaida pia: mmoja ni 'yahguudang', yaani heshima kwa viumbe vyote, na mwingine unaeleza kwamba ulimwengu ni mkali kama makali ya kisu, hivyo anayepita juu yake apite kwa uangalifu. Usiseme kwamba haya ni mapambo ya kitamaduni yaliyobandikwa juu ya kazi ya wanasayansi. Sheria inayoanza na neno 'heshima' na sheria inayoanza na neno 'rasilimali' hazitamfikisha msomaji mahali pamoja.

Ushirikiano huo ulijaribiwa mwaka 2015. Waziri wa uvuvi aliamua kufungua uvuvi wa mayai ya heringi, samaki mdogo ambaye Wahaida huyavuna mayai yake yakiwa yameganda juu ya mwani, bila ya kuua samaki. Wao walisema idadi ya samaki haijarejea. Wakaenda mahakamani, na mahakama ya shirikisho ikauzuia uvuvi huo, ikiyapa uzito makubaliano ya kuisimamia Gwaii Haanas kwa pamoja. Tukio hili linaonyesha mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, mwenye nguvu hujisahau hata baada ya kutia sahihi. Pili, mkataba ulioandikwa vizuri humkumbusha.

Iko pia kazi ya mikono. Biashara ya manyoya ya karne ya 18 na ya 19 iliwamaliza fisimaji wa baharini katika visiwa hivyo. Fisimaji ndiye alaye wale viumbe wa miiba, wa duara, wakaao mwambani. Yeye alipotoweka, wao wakazidi, wakatafuna misitu ya mwani iliyokuwa makazi ya samaki. Miaka michache iliyopita wapiga mbizi, Wahaida na wanasayansi wa serikali pamoja, waliondoa viumbe hao kwa wingi katika kipande cha pwani cha takribani kilomita tatu, na mwani ukaanza kuota tena.

Mfano huo umeenea. Mwaka 2015 Mataifa ya Kwanza 17 ya pwani hiyo, pamoja na serikali ya jimbo la British Columbia, yalikamilisha mipango ya matumizi ya bahari, na mwaka 2024 zilitangazwa dola za Kanada milioni 335 za kuendesha ulinzi wake. Mwaka huohuo jimbo lilitambua haki ya Wahaida juu ya ardhi ya visiwa vyao vyote. Suala la bahari ni gumu zaidi, nao wavuvi wa kibiashara wana malalamiko yao, ambayo si ya kupuuzwa: maeneo yakifungwa kuna mashua zitakazotia nanga na watu watakaokosa riziki. Asiyeutaja upande huo hasemi kweli.

Nasi je? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inaihesabu bahari yetu pamoja na sakafu yake kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kuyalinda mazingira. Sheria ndogo za mwaka 2007 ziliunda kamati za wavuvi fuoni, zile zinazojulikana kote kwa herufi tatu za BMU. Haya yote ni mema. Lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya, baada ya kuona kwamba haki zao zilikiukwa, zikiwamo za utamaduni na za kupewa habari. Bandari ilianza kuchimbwa, ndipo wenye maji wakaulizwa. Huko ndiko kushirikishwa.

Hata hivyo, hatukosi mfano wetu wa kutendana. Huko Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walioona samaki wakipungua walitenga sehemu ya bahari yao isivuliwe, na samaki na matumbawe yakarudi. Eneo la namna hiyo pwani huitwa 'tengefu', neno lenye shina moja na 'kutenga'. Watanzania hulitumia bara, katika 'pori tengefu'. Ni neno zuri, fupi na la wenyewe. Ajabu ni kwamba ripoti nyingi kuhusu matengefu huandikwa kwa Kiingereza, na mzee aliyeitenga bahari hiyo husomewa muhtasari.

Sitaki kudai kwamba hali zetu zinalingana. Wahaida ni taifa moja lenye baraza moja. Pwani yetu ina Wabajuni, Wadigo, Wagiriama, Wavumba na wengine, na wavuvi wa dago kutoka Pemba wajao kwa msimu na kurudi kwao. Ni nani mwenyeji wa maji ambayo watu watatu huyaita kwa majina matatu? Swali hilo hutumiwa kama kisingizio cha kumwachia mkubwa wa Nairobi aamue, ilhali hata huko Haida Gwaii karibu nusu ya wakazi si Wahaida, na bado mazungumzo yaliwezekana.

Nchi yetu imekuwa ikiandaa mpango wa matumizi ya bahari, na mpango huo utahitaji majina: ya miamba, ya milango, ya vipwa, ya mahali changu hutagia na mahali juya halifai kukokotwa. Majina hayo wanayo wazee wa Faza, Mtwapa, Gazi na Vanga. Walimu wenzangu wa pwani wanaweza kuwatuma wanafunzi wayakusanye likizo hii, pamoja na msimu na maelezo ya kila moja, kabla ramani haijachorwa na mtu ambaye kwake eneo lote hilo ni rangi ya samawati.

Na kwa darasa la insha ninalo zoezi. Wagawe wanafunzi makundi mawili, wavuvi na wizara, uwape mwamba mmoja wanaoufahamu, kisha waandike mkataba wa safu mbili kama ule wa 1993, kila upande ukitamka bila woga unachoamini kuwa ni chake, na chini yake yale watakayoyafanya pamoja. Nadhani hawatakawia kukwama kwenye safu yenyewe: je, mvuvi wa dago ataandika katika ya wavuvi, au ataomba ya tatu?