Mbona tunakopa na pesa tunayo?

Chukua mteja ambaye ameweka 8,000 kwenye akiba ya simu, pesa ya karo ya Januari. Sasa ni Oktoba. Tokeni za stima zimeisha Jumanne usiku, gesi nayo inaelekea kuisha. Anahitaji 1,000 tu. Anaangalia akiba yake, anaiacha vile ilivyo, anafungua menyu na kukopa 1,000. Tuseme mkopo una ada ya asilimia 7.5: mwisho wa mwezi atarudisha 1,075. Ile 1,000 aliyokataa kugusa, hata kama akiba inalipa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, itamletea shilingi 5 mwezi huo. Amelipa 75 ili asikose 5.

Mtu wa hesabu atacheka. Sisi hatucheki, maana tunajua hata wenye digrii za hesabu wanafanya hivyo hivyo.

Richard Thaler, mwanauchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, ameandika sana kuhusu tabia hii. Kwenye vitabu vya uchumi, shilingi ni shilingi, haijalishi imelala wapi. Thaler alionyesha kwamba kichwani mwetu pesa ina mifuko: huu wa kodi, huu wa karo, huu wa kujienjoi. Mfuko mmoja ukikauka, hatutaki kuchota kwa mwingine. Mama zetu hawakuhitaji Nobel kulijua hilo. Noti ya karo ilifungwa kwenye pindo la leso, ya mboga ikakaa kwa kopo la majani chai, na ole wako uzichanganye.

Na mifuko hiyo inafanya kazi. Mwaka 2013 watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha utafiti walioufanya hapa Kenya na wanachama wa vyama vya kuchangiana kwa zamu. Baadhi yao walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli, na ufunguo wakabaki nao wenyewe. Hapakuwa na riba wala adhabu ya kutoa mapema. Kuwa na mahali salama tu pa kuweka pesa kulitosha kuongeza akiba yao ya afya kwa asilimia 66. Kisanduku kingeweza kufunguliwa saa yoyote, lakini pesa iliyoingia mle ilikuwa tayari na kazi yake. Shemeji akija kuomba soo mbili, ni rahisi kumwambia hakuna.

Ndiyo maana hatupendi kuwaita watu wajinga kwa sababu ya pesa. Angalia mtu anayetoa 500 kwa wakala mara tano kwa wiki. Ada ikiwa 29 kila mara, hiyo ni 145, na angetoa 2,500 mara moja kwa 29. Amepoteza 116, sivyo? Muulize. Atakwambia 2,500 ikiingia mfukoni asubuhi, jioni haipo: kuna nyama choma, kuna harambee ya jirani, kuna bando. Ile 116 ni mshahara wa mlinzi. Unaweza kusema mlinzi ni ghali, na pengine ni kweli, lakini kazi anaifanya.

Shida yetu ni mkopo wa Oktoba. Mfuko wa karo una jina na una mwenyewe, ila mkopo hauna jina. Huuhesabu kama pesa iliyotoka kwako, kwa hivyo ada yake hutaiona. Mtu huyo huyo atatembea kutoka steji hadi nyumbani ili asilipe mbao ya bodaboda, halafu abonyeze "kubali" kwa 75 bila kusoma. Mbao inatoka mkononi leo. Ile 75 itakatwa mwezi ujao, kwenye pesa ambayo bado haijaingia, na ya kesho haiumi. (Mikopo inayotozwa shilingi chache kila siku ni mibaya zaidi kwa hili, kwa sababu kila siku inaonekana ni kitu kidogo.) Ukirudia kila mwezi kwa mwaka, ni 900. Kuna shule ambako hiyo ni pea ya viatu.

Ndiyo, kampuni yetu hupata mapato kutokana na ada. Tunaandika hivi hata hivyo, maana mteja anayelemewa na mikopo mwishowe huhama laini.

Hatusemi usikope. Mama mboga anayekopa 1,000 alfajiri, akanunua sukuma na nyanya sokoni na kuuza yote kufikia jioni, anajua anachofanya. Tunazungumzia mkopo wa tokeni, gesi na fare, vitu ambavyo tunajua kabisa vitaisha.

Maoni yetu ni kwamba dharura nayo ipewe mfuko wake, kando ya karo. 1,500 au 2,000 yatosha mwanzo, kwenye akiba isiyofungwa, na ufunguo uwe wako kama kile kisanduku. Tokeni zikiisha, jikopeshe mwenyewe 1,000, na mwezi ukiisha jirudishie 1,075, kama vile ungemlipa mtu mwingine. Wengine watasema mtu akishajikopesha hajirudishii. Ni hoja nzito. Kama unajijua uko hivyo, acha karo imefungwa na ulipe 75, lakini iandike mahali, ujue mlinzi wako anakula ngapi.

Njia rahisi ya kuanza: omba taarifa ya akaunti yako ya miezi 6. Ruka kila kitu kingine na ujumlishe ada za mikopo peke yake. Kisha angalia, katika siku hizo ulizokopa, akiba yako ilikuwa na ngapi.