Mipaka ya Wadi: Siku 30 Zikipita Zimepita

Wakazi wa Lamu, Tana River na Taita Taveta, msingoje mwanasiasa aje kuwaambia kwamba mipaka yenu imeguswa. Ramani ya wadi na maeneobunge tunayoitumia Kenya ilichorwa mwaka wa 2012, na Kifungu cha 89 cha Katiba kinataka mipaka ya wadi ipitiwe upya mara kwa mara, na ya maeneobunge kila baada ya miaka 8 hadi 12. Muda huo uliisha Machi 2024, wakati Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) haikuwa na kamishna hata mmoja. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025. Kazi iliyocheleweshwa hivyo hufanywa mbiombio, na katika mbio hizo wanyonge ndio hukanyagwa.

Mwaka 2012 maeneobunge 27 yenye watu wachache yalikingwa yasifutwe. Lamu Mashariki na Magharibi, Galole, Bura, Voi, Mwatate na Wundanyi yalikuwa miongoni mwao. Kinga ile ilikuwa ya mara moja tu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Ukigawanya kwa viti 290, kila kiti kinapata watu 164,000 hivi. Hata sehemu zenye watu wachache zinaruhusiwa kupungukiwa kwa asilimia 40 tu, yaani zibaki na watu kama 98,000. Lamu Mashariki ina 22,000 na ushei.

Kwenye wadi mambo huenda kimyakimya zaidi. Si lazima wadi ifutwe. Jamii ndogo ikikatwa mapande mawili, kila pande huwa wachache katika wadi ya wengine, na mwakilishi wadi hana sababu ya kuwakumbuka basari na zahanati zinapogawanywa.

Lakini Katiba haitazami idadi peke yake. Inaitaka tume ipime pia jiografia, historia, uchumi, utamaduni na njia za mawasiliano. Basi andikeni mapema: majina ya vijiji, nauli ya boti kutoka Kiunga, miezi ya kusi ambayo bahari haisafiriki. Pelekeni maandishi hayo kwenye vikao vya tume, mkabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Anayewaahidi wadi mpya kwa uchaguzi wa Agosti 2027 mwulizeni sheria ipi. Wadi ni 1,450 kisheria, na mapitio yasiyokamilika miezi 12 kabla ya uchaguzi hayatumiki katika uchaguzi huo.

Mipaka ikishachapishwa katika Gazeti Rasmi, mwenye kupinga ana siku 30 kufika Mahakama Kuu, nayo ina miezi 3 ya kuamua. Mwaka 2012 waliowahi walisikilizwa na majaji watano. Tafuteni wakili sasa, kabla ya tangazo. Siku ya 31 mlango umefungwa.