Doria za Tsavo: nani ataiambia kompyuta thamani ya shamba la Sagalla?

Mwaka 2011 Walinzi wa Pwani wa Marekani walianza kutumia programu iitwayo PROTECT kupanga doria za boti katika bandari ya Boston. Shida yao anaijua mlinzi yeyote wa Kilindini: boti ni chache, pa kulinda ni pengi, na ukipita palepale saa ileile kila siku, mwenye nia mbaya atakaa kando akuhesabu. Programu hupewa thamani ya kila mahali, kisha hutoa ratiba isiyotabirika, ila penye thamani kubwa boti hupita mara nyingi zaidi.

Kundi la Profesa Milind Tambe, lililoibuni, baadaye liliipeleka hesabu hiyo porini kwa jina la PAWS. Katika hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, askari walitumwa sehemu wasizozoea kupita. Walikuta mitego ya waya na mzoga wa ndovu aliyekatwa pembe.

Wazo hili linatufaa. Tsavo Mashariki, yenye makao yake Voi, na Tsavo Magharibi zinapita kilomita za mraba 20,000 kwa pamoja, na zimechukua zaidi ya nusu ya Taita Taveta. Hakuna idadi ya askari itakayotosha. Satao, ndovu aliyejulikana kote, aliuawa huko mwaka 2014 kwa mshale wa sumu.

Lakini kompyuta haijui thamani ya kitu, huambiwa. Ukimpa ndovu alama kumi na shamba la mahindi la Sagalla sifuri, ratiba itatoka sahihi kabisa kihesabu, na mkulima atakesha akipiga debe. Tena programu hujifunza kutokana na doria zilizopita, kwa hivyo asikopita askari huonekana shwari. Simu ya mama wa Kasigau saa nane za usiku nayo iingizwe kwenye hesabu.

Na ndovu, tofauti na jangili, havizii ratiba ya mtu. Hufuata maji na mahindi yanayokomaa. Wanakijiji wa Sagalla waliotundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba wanazijua njia zake bila kompyuta. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, na kila familia iliyowahi kuidai inajua inavyosubiriwa. Gari la doria kufika mapema ni nafuu zaidi.

Basi kabla KWS au mfadhili yeyote hajaleta mtambo wa aina hii, jedwali la thamani lijadiliwe hadharani Voi, Mwatate na Taveta. Tutaambiwa ni siri ya usalama. Siri ni ratiba ya leo usiku. Hesabu yenyewe imejengwa kwa kudhani kwamba mwizi ameshatuchunguza siku nyingi na anajua tunathamini nini. Mkulima naye ana haki ya kujua.