Mifupa ya Manda, Maabara ya Harvard

Wacha niseme hata kama mtanuna: hii bishara yetu ya nani Mwarabu na nani Mwafrika hapa Lamu, jibu lake kubwa lishatoka. Tatizo ni kwamba lilisomwa mbali sana na sisi.

Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani. Miongoni mwa miji hiyo ni Manda na Faza. Naam, Faza hii hii yetu. Kwa wengi, damu ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika. Kwa baba, nyingi ilitoka Asia, hasa Uajemi. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Kumbe hadithi za wazee za Washirazi, zilizokuwa zikichekwa na wasomi, zilikuwa na kitu ndani. Na anayetwambia "nyinyi si Waafrika", jibu lake pia limo humo.

Mmoja wa walioongoza kazi hiyo ni Mkenya, Profesa Chapurukha Kusimba. Heko kwake. Lakini anafundisha Florida, na DNA ilisomwa Harvard. Mwenye mashine na pesa ndiye anayechagua swali.

Mimi ningeuliza mengine. Makaburi mengi yaliyochimbwa yalikuwa ya wenye nafasi. Je, mvuvi? Mtumwa wa shamba? Waaweer wa msitu wa Boni?

Msinambie hatuna watu. Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na kuna kituo cha KEMRI-Wellcome kilichoanza 1989, ambacho kimechunguza sana jeni za malaria na selimundu. Kinachokosekana ni chambo. Mfadhili mkubwa hakupi pesa kavukavu, anataka kwanza aone matokeo ya mwanzo. Chuo kikitoa pesa kidogo za kuanzia, mtaalamu wa jeni akakaa meza moja na mwanahistoria, watu wa makumbusho ya Lamu na wazee wa Pate, hapo ndipo pesa kubwa zinavuliwa. Sheria ya sayansi ya 2013 inataka mfuko wa taifa wa utafiti upate asilimia 2 ya pato la taifa. Haijawahi kufika hapo.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili. Sitakitaja, ila DNA tuliisoma kwa kuichora ubaoni. Wenzangu waliobaki wana akili kunishinda. Mashine ndiyo hawana.

Kwa hivyo vyuo vyetu vitenge hizo pesa, kwa masharti matatu: swali litungwe na wenyeji, ruhusa iombwe kwa Kiswahili, na matokeo yasomwe hapa kwetu kabla hayajasomwa London.

Sasa wewe, ukipewa hizo pesa leo, ungeuliza nini?