Pointi za Dukani: Nyongeza ama Kamba ya Mguu?

Neno nyongeza si geni kwetu. Mtu akinunua fungu la nyanya sokoni humwambia muuzaji amwongeze, naye hutia moja juu, mambo yakaisha hapo hapo. Siku hizi maduka makubwa nayo yana nyongeza yao: kadi ya kukusanyia pointi, na vocha au ofa ya kupunguziwa bei. Hapa mtaani Tuwan, Kitale, nimeulizwa mara nyingi kama mtu akiziunganisha zote mbili, yaani anunue kitu cha ofa na papo hapo aongeze pointi katika kadi yake, kazi hiyo ina faida au ni kujisumbua bure.

Swali hili lafaa lipimwe kwa hesabu, si kwa tamaa. Tuseme duka latoa pointi 1 kwa kila shilingi 100, na pointi 1 ni sawa na shilingi 1. Nyumba inayotumia shilingi 6,000 kwa mwezi itapata shilingi 60. Basi mama wa nyumba hiyo akisikia sabuni imepunguzwa shilingi 40, akaenda mjini kwa miguu na kurudi na mzigo juu ya bodaboda kwa shilingi 50, ofa yote imeliwa na nauli, na shilingi 10 katika pointi zake zimekwenda nayo. Kwa hesabu hii ni dhahiri kuwa anayefanya kazi katika muungano huo ni ofa. Pointi ni mfuasi tu. Mtu asiifuate kadi, aifuate bei.

Tena bei yenyewe haiko dukani peke yake. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la Kenya. Watu wengi wa Tuwan hununua mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kilo 2 hivi, wakayapeleka kwenye mashine ya kusaga. Hawapati hata pointi moja, lakini baada ya mavuno unga wao mara nyingi huwa wa bei nafuu kuliko wa pakiti, hata ile pakiti yenye ofa. Huko Pwani nako, anayenunua samaki kwa mvuvi mwenyewe anaijua hesabu hii.

Na je, zawadi hizi hulipwa na nani? Uingereza ilitupa jibu zamani. Duka la Tesco lilianza kuwapa wateja stampu za Green Shield mwaka 1963, wakazibandika vitabuni na kuzibadilisha kwa vyombo vya nyumbani. Mwaka 1977 Tesco ikaziacha stampu hizo na kupunguza bei ya bidhaa zake, na wateja wakamiminika. Maana yake ni kwamba zawadi ile ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ilikuwa ndani ya bei. Mwaka 1995 duka hilo hilo likarudi na kadi iitwayo Clubcard. Safari hii lilipata na kitu kingine: habari za kila mteja, anunua nini na lini. Kwa hiyo anayetoa namba ya simu ili apate pointi ajue kwamba naye ametoa kitu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayompa mtu haki ya kuuliza habari zake zatumiwa vipi.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni hili: pointi si pesa, ni deni. Duka limekuahidi, nawe huna dhamana. Wasomaji wa Mombasa hawajasahau Nakumatt, lililokuwa duka kubwa kuliko yote nchini. Mwaka 2017 rafu zake zilianza kuwa tupu, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura livunjwe. Wenye mali waliolipeleka bidhaa kwa mamilioni walibaki wakidai. Mwenye kadi ya pointi angesimama wapi katika foleni hiyo?

Hata pale kampuni inapokuwa imara, masharti hubadilika. Safaricom ilianzisha pointi za Bonga mwaka 2007, pointi 1 kwa kila shilingi 10 zilizotumiwa. Aprili 2020, wakati wa Korona, ikawaruhusu wateja kununulia bidhaa madukani, kila pointi kwa senti 30. Waliozitumia siku zile walinunua unga na mafuta. Mwaka 2022 ikatangaza kuwa zilizokaa zaidi ya miaka 3 zitafutwa, na manung'uniko yakazuka. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Pointi uliyoiweka kwa ajili ya kesho ndiyo fimbo hiyo.

Basi sisemi kadi zitupwe. Kuna wakati muungano huu una faida ya kweli, na mfano wake ni siku za kuelekea Ramadhani. Maduka hutoa ofa za tende, sukari na unga wa ngano, vitu ambavyo nyumba ingenunua kwa vyovyote na ambavyo haviozi upesi. Majirani wanne wakichanga wakanunua beli moja la unga, lenye pakiti 12, kwa safari moja na kadi moja, nauli itagawanyika, ofa itabaki mkononi, na pointi zitakuwa nyongeza ya haki. Sharti waandike nani alitoa ngapi, na pointi zitumiwe mwezi huo huo kwa faida ya wote, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini anayenunua asichokihitaji kwa sababu tu kimepunguzwa bei, hakuokoa kitu. Amefanya israfu, na kadi imempigia makofi.