Tusingoje Kindi Waishe Ndio Tuanze Kuwapenda

Wadau, hebu niwaulize. Mara ya mwisho kuona mtu akichangisha pesa za kuokoa kindi hapa Kenya ilikuwa lini? Ndovu ana mashirika. Kifaru ana askari usiku na mchana. Kindi, au kuchakuro ukipenda, yeye anapata mawe.

Najua mtasema, "Si kindi ni wengi?" Ni kweli, wengi wa kindi wetu hawajahesabiwa kama wanyama walio hatarini. Lakini hata Uingereza walikuwa na kindi wekundu karibu kila mahali. Karne ya 19 matajiri wakaleta kindi wa kijivu kutoka Marekani, eti wapambe mashamba yao. Wageni wakaja na virusi vinavyoua wekundu, na kwenye chakula pia wakawashinda. Leo wekundu wengi waliobaki wako Scotland. England na Wales unawapata sehemu chache tu. Sasa watu wanalipa pesa kurudisha kitu walichokuwa nacho bure.

Hapa kwetu adui si kindi wa kigeni. Ni panga, makaa na sumu.

Kakamega kuna kindi mkubwa wa msituni anayeishi juu kwenye miti mirefu. Ukikata hiyo miti upande miwa, yeye ahamie wapi? Pwani kuna kindi mwekundu wa Arabuko-Sokoke na vipande vya misitu vilivyobaki. Hata hao mnaowapiga picha Karura, wana msitu kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka 1999 ili usigawanywe viwanja.

Sasa tuje kwa mkulima, maana hapo ndipo kuna kazi. Kindi wa ardhini hufukua mahindi yaliyopandwa jana tu. Anafuata mstari, shimo kwa shimo. Mbegu imenunuliwa kwa deni na mvua haingoji mtu. Ndovu akiharibu shamba, sheria ya wanyamapori ya 2013 inampa mkulima njia ya kudai fidia, hata kama pesa zenyewe zinachelewa. Kindi hayumo kwenye orodha hiyo. Basi mtu anachanganya mbegu na sumu, anaziacha shambani. Kindi anakufa, na kanga, na kuku wa jirani, na mwewe aliyekula mzoga.

Huyo mkulima simlaumu kwa hasira yake. Nalaumu sisi wa mjini tunaomwambia "tunza mazingira" halafu tunamwachia hasara peke yake.

Na njia zipo. Mbegu iko hatarini zaidi kuanzia kupandwa hadi mche ushike, kwa hivyo siku za kulinda shamba si nyingi. Majirani wakipanda wakati mmoja, hasara haimwangukii mmoja wao. Mitego inaweza kutumika bila kuua ndege na kuku. Maafisa wa kilimo wa kaunti wafundishe haya kabla mvua haijaanza, na wanaouza sumu kali kiholela wachukuliwe hatua.

Serikali inataka tupande miti bilioni 15 kufikia 2032. Poa sana. Lakini kumbukeni kuna kindi wanaofukia mbegu ardhini kama akiba, na zile wanazosahau zinaweza kuota. Huyo anapanda miti bila posho, bila fulana, bila kuita kamera.

Mnyama akiwa bado wengi, kumlinda ni bei rahisi: usimkatie msitu, usimwekee sumu, msaidie mkulima anayeishi naye. Akibaki wachache, ndio tutaanza kuomba wafadhili.

Haya, niambieni hapo chini: kwenu kindi mnamwitaje, na watoto wa siku hizi bado wanamwona?