UCHAMBUZI: Maabara iko Kilifi, je, sampuli za Garsen?

Virusi vya korona vilipoingia nchini Machi 2020, Pwani haikulazimika kungoja wageni waieleze ni virusi vya ukoo gani. Mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi, unaoshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, ulisoma vinasaba vya virusi kutoka sampuli 311 zilizochukuliwa Pwani kati ya Machi 17 na Julai 31 mwaka huo.

Ilibainika kwamba virusi viliingizwa mara nyingi, hasa vyenye asili ya Ulaya, lakini ukoo wa B.1 pekee ndio uliotapakaa, ukafikia asilimia 74. Koo nyingine zilinaswa kwa wasafiri na kwenye mpaka wa Tanzania kabla hazijaota mizizi.

Mpakani kulikuwa na wapimaji. Garsen, ambako msafiri atokaye Malindi huchagua njia ya Lamu au ya Garissa, si mpaka wala bandari. Mtambo nao husoma kilicholetwa tu. Mfugaji anayeugua mbali na zahanati haonekani katika hesabu hiyo.

Wakazi wa Tana River wana sababu ya kulijali jambo hili. Homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2006, iliwakumba wao na mifugo yao, na kote nchini ikaua zaidi ya watu 150 kufikia Machi 2007.

Kaunti haihitaji maabara yake ya vinasaba. Ingeanza na jokofu, na gari la kufikisha sampuli Kilifi kabla hazijaharibika.